Kumuaga Mama Bipu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara mliokaa mbele kwa vyeo vyenu, na wafanyakazi wenzangu mliokaa nyuma karibu na mlango kwa sababu mnazozijua, watoto na wajukuu wa mama yetu tunayemuaga leo, wageni wote, mlioalikwa na mliosikia tu kwamba kuna chakula: kwa wakubwa zangu, shikamooni, na kwa rika langu, habari za mchana.

Naomba nianze na mlio mmoja, kwa sababu nimekaa nao tangu nianze kazi hapa na bado haujanitoka masikioni.

Ilikuwa juma langu la kwanza katika maabara hii ya maji. Koti langu jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Nilikuwa napita kwenye korido ya nyuma, ile yenye vigae vilivyobanduka, wakati wa mapumziko ya mchana, niliposikia kitu kikipasuka ndani ya stoo ya chupa. Ka! Mlio mkavu, mfupi, kama kioo chembamba kinapopata ufa. Sisi tunaoishi kwa chupa za sampuli tunaujua mlio huo na tunauogopa, maana chupa moja ikipasuka, safari nzima ya mtu aliyekwenda kuchota maji kisimani imepotea. Nikausukuma mlango kwa kishindo. Katikati ya rafu mbili, juu ya boksi lililokunjuliwa, mkuu wa maabara yetu alikuwa amepiga magoti, macho ameyafumba, viganja viko wazi juu ya mapaja.

"Samahani, Mama," nikasema. "Nimesikia kitu kimevunjika."

Hakufumbua macho. "Ni magoti yangu, mwanangu. Rudishia mlango."

Nikarudishia mlango. Lakini nilisimama pale koridoni, bado nimeshika kitasa. Sikumwonea huruma. Nilimwonea wivu. Nilijiuliza: mtu anawezaje kuteremka chini namna ile, kila siku, kwenye vumbi la maboksi, na magoti yanayolia hivyo, bila mtu kumtuma?

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwenye ratiba uliyopewa mama huyu tunayemuaga ameandikwa kwa cheo chake. Sisi huku chini hatumwiti hivyo. Sisi tunamwita Mama Bipu, na naomba uniruhusu nimwite hivyo mpaka nitakapokaa, kwa sababu nikimwita kwa cheo nitakuwa namuaga mtu mwingine.

Wageni wetu huenda hawajui jina hili limetoka wapi. Kila alfajiri, kabla adhana na kengele hazijakubaliana nani aanze, simu zetu, sisi watu wachache wa maabara hii, hulia mara moja. Mlio mmoja tu, kisha kimya. Ni yeye. Amebipu. Na sote hapa tunajua kwamba mtu wa kawaida akikubipu anataka umpigie kwa salio lako. Mama Bipu hataki umpigie. Maana ya mlio wake ni moja: mimi nimeamka. Hasemi "amka." Hasemi "umechelewa." Anasema tu kwamba huko aliko, mtu mmoja ametoka kitandani. Halafu kila mmoja kwake huamka, akamwomba Mungu kwa dini yake na kwa maneno yake, kisha akaufanyisha mwili kazi. Wengine tunaruka kamba. Wengine wanatembea mbiombio mpaka barabara kuu na kurudi. Kaka yetu dereva hupanda na kushuka ngazi za jengo analoishi, mpaka jirani mmoja akamuuliza kama mkewe amemfungia nje.

Masharti yake yalikuwa machache. Usipokee. Usinipigie. Na tukikutana kazini, usimuulize mwenzako kama aliamka. Hilo la tatu ndilo lililonishinda kuelewa. Siku moja, bado mgeni, nilimuuliza dada yetu wa mapokezi mbele ya Mama, "Vipi, leo umeamka?" Mama Bipu akanikabidhi kreti ya chupa chafu, akasema, "Hizi nazo zinataka kuulizwa. Anza nazo."

Dada yetu wa mapokezi, aliyekaa pale na kilemba cha kijani na ambaye amenitisha kwamba nikimtaja atanitenga, nitamtaja. Alipojiunga, hakuna aliyekumbuka kumweleza masharti. Simu yake ikalia alfajiri, mlio mmoja, akaona jina la bosi. Wewe ungefanyaje? Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akapiga tena na tena, huku ameshavaa kiatu kimoja. Kule kwake Mama Bipu alikuwa katikati ya sala, na simu inanguruma juu ya meza kama mende aliyepinduka. Mwishowe akapokea.

"Shikamoo Mama, umenibipu! Kuna dharura?"

"Marahaba. Dharura ni wewe."

Naye kaka dereva, siku ya kwanza, aliipokea akiwa usingizini. Kabla hata hajasikia sauti, ulimi wake ukasema wenyewe: "Ndiyo bosi, niko njiani!" Mama Bipu akamuuliza, "Njiani kwenda wapi na shuka hilo?" Mpaka leo, ahadi yoyote iliyokwama katika ofisi yetu tunasema iko njiani na shuka. Ndugu Mkurugenzi, jokofu jipya la sampuli ulilotuahidi, tunaamini nalo liko njiani. Kama lina shuka au halina, hatuulizi, maana tumefundwa kutoulizana.

Nimefurahi mmecheka, kwa sababu sasa nataka kusema jambo ambalo halichekeshi.

Nilikuja hapa nikiwa mtu aliyewahi kuwaka na akazimika. Chuoni nilikimbia. Niliamka peke yangu kukiwa bado giza, nikakimbia, nikarudi nikakaa chini ya dirisha la bweni jasho likinikauka mgongoni, na nikasali, na sala ile haikuwa kazi. Ilikuwa kama kunywa maji. Sikuhitaji mtu. Sikujua hata kwamba kuna watu wanaohitaji mtu. Halafu, sijui lini, ikakatika. Hakukuwa na msiba wala ugonjwa. Niliendelea kuwa na viatu vyangu, na kitabu changu cha sala, na afya yangu, ila yule aliyekuwa akiamka hakuwepo tena. Nimejaribu kila kitu ambacho ninyi pia mmejaribu. Nimeweka nadhiri mwaka ukianza. Nimeingiza kwenye simu programu ya mazoezi yenye sauti ya mtu anayefoka kama sajenti mbele ya kuruta. Nimebandika maneno mazito juu ya kioo, nikayazoea, nikawa napiga mswaki nayatazama kama ninavyotazama bomba.

Mnaijua hamu ya kitu ambacho ulikuwa nacho wewe mwenyewe? Kumkumbuka mtu aliyesafiri kuna nafuu, maana unaweza kutazama barabara aliyopita. Lakini ukijikumbuka mwenyewe, utatazama wapi?

Basi, siku chache baada ya yale magoti ya stooni, nikiwa nimeshaelezwa masharti, simu yangu ikalia alfajiri, mlio mmoja, ikanyamaza. Mama yangu mzazi, ambaye naishi naye na ambaye usingizi wake ni mwepesi kama wa paka, akauliza kutoka chumbani kwake, "Nani huyo anapiga halafu anajuta?" Nikasema ni bosi wangu. Akasema, "Ndiyo mabosi wa siku hizi?" Nami nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye sakafu ya baridi. Nikaamka. Sikuwa na hamu. Niliamka tu, kwa sababu mahali fulani mtu alikuwa ameshasimama, na nilitaka kuwa upande wake.

Hivyo ndivyo nilivyorudi. Sikurudi kule nilikokuwa chuoni, hapana. Kule sijafika tena mpaka leo. Lakini nimerudi mazoezini na nimerudi magotini. Siku nyingi sala yangu ni kavu, na miguu yangu ni mizito, na ninafanya hivyo hivyo.

Mtaniuliza, haya yana uhusiano gani na kazi ya maabara? Wazee wetu wa Bodi, yana uhusiano. Mwanamke huyu anatoa majibu ya maji jinsi anavyoamka. Mmoja wa wakubwa, sitasema ni nani na wala hayupo hapa leo, aliwahi kuja na chupa ya sampuli iliyoshinda juani kwenye gari, ambayo haifai tena kupimwa, akataka asainiwe majibu upesi kwa kuwa kuna mradi wa kuzinduliwa. Mama Bipu akaishika ile chupa, akaigusisha shavuni mwake, akasema, "Baba, hii ni chai. Nenda kachote upya." Yule mheshimiwa akamwambia nani atajua. Mama akamwangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni. Ninayakumbuka macho yale. Mtu ambaye kila alfajiri anasimama mahali ambapo hakuna anayemwona, utamwambiaje kwamba hakuna atakayejua?

Sasa nije kwenye jambo la leo, na Mama, nikikosea unisahihishe, lakini ungoje nimalize.

Tulipojua kwamba anastaafu, hatukuogopa. Tulisema, mtu akistaafu hanyang'anywi simu. Atakuwa kwake, atabipu kutoka kwake, ni nini kitakachobadilika? Ndipo mchana mmoja, wakati tunaosha pipeti, vile vineli vya kioo vya kupimia maji, akatuambia bila kugeuka: "Siku mtakayoniaga, ndiyo siku ya mwisho. Baada ya hapo sibipu mtu."

Dada wa mapokezi akaacha bomba wazi, maji yakamwagika. Kaka dereva akasema, "Mama, tumekukosea nini?" Akaendelea kusuuza pipeti yake. Mimi nilikuwa najua jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Kabla ya hapo Mama Bipu aliwahi kuugua, akalazwa, na simu ikanyamaza. Wenzangu sijui walifanya nini, hatuulizani. Mimi sikutoka kitandani. Niliamka saa ile ile kwa mazoea, nikafumbua macho, nikaingoja simu. Haikulia. Nikatazama dari mpaka kukapambazuka. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho yake tena. Mwili wangu ulikuwa macho, simu ilikuwa mkononi, na mimi sikuwepo. Kwa hiyo aliposema "sibipu mtu," nilijua ninapokonywa nini.

Nikamfuata. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, zile za chuma zinazoteremka kwenye matangi, yeye amevua viatu. Haya nitakayosema nimemwomba ruhusa niyaseme, akaniambia, "Sema, mradi usinitangaze mtakatifu."

Nikamuuliza, "Mama, sisi tutafanyaje?"

"Mtalala."

"Halafu?"

"Halafu mtaamka. Watu huwa wanaamka."

Nikamwambia mimi si watu, mimi najijua. Akacheka kidogo. Kisha akavikandakanda vidole vya mguu, akasema, "Unafikiri nilianza kubipu lini?"

Nikasema sijui.

"Baada ya kumzika baba watoto. Kabla ya hapo nilikuwa naamka mwenyewe, kama ndege. Alipoondoka, nikawa naamka nakaa kitandani, sina neno. Nikifungua mdomo nisali, ni kama natafuna pumba. Nikarudi kulala. Siku moja nikabipu mtu mmoja tu, mhudumu aliyekuwepo hapa kabla yenu. Nikasema moyoni, nikishambipu siwezi kurudi kulala, nitakuwa mwongo. Basi. Ikawa hivyo."

"Kwa hiyo hukuwa unatuamsha sisi."

"Nyinyi? Mwanangu, mimi nilikuwa najiamsha mimi. Nyinyi mlikuwa kamba yangu ya kujivutia."

Upepo ulikuwa unaleta harufu ya klorini kutoka kwenye matangi. Nikamwambia, kama ni hivyo basi aendelee, kwani ubaya uko wapi? Kamba si kamba?

Akasema, na maneno haya nimeyakariri kama yalivyotoka: "Nimezeeka. Siku moja nitamwendea Mungu na hakuna atakayenisindikiza. Ningependa kabla ya siku hiyo nimwendee walau mara moja kwa miguu yangu, bila shahidi. Asubuhi ambayo hakuna anayeningoja, nataka nijue nani ataamka. Labda hakuna. Lakini nina hamu ya kumwona."

Ndugu zangu, hebu fikirini. Nilikuwa nimekuja kumlilia kwamba nimempoteza yule msichana niliyekuwa, yule wa chini ya dirisha la bweni. Kumbe mwenzangu naye, kwa umri ule, na mvi zile, alikuwa amempoteza mtu wake, yule aliyekuwa akiamka kama ndege, na alikuwa ameamua kwenda kumtafuta. Tulikaa pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti la matangi.

Sikuwaeleza wenzangu. Niliwaambia tu, "Amekataa." Ndipo tukapanga, na hapa Mama ndipo ambapo huna habari, ndipo tukapanga kukutega. Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Tulichanga, tukanunua simu mpya, nzuri, namba zake kubwa zisizotaka miwani, na laini yake, na salio la kutosha kubipu mpaka wajukuu wazae. Mpango ulikuwa hivi: mimi nisimame hapa, nikusifu, kisha nikukabidhi simu hiyo mbele ya Mheshimiwa Mwenyekiti na Ndugu Mkurugenzi na watoto wako, na nikuombe kwa niaba ya wote uendelee. Nani angekataa mbele ya watu wote hawa? Dada wa mapokezi alinipa na maelekezo: "Ukifika kwenye kuomba, lia kidogo. Wewe una sura ya kulia."

Boksi la simu hiyo nilikaa nalo nyumbani, juu ya kabati. Kila nilipoingia chumbani nililitazama. Hakuna mtu katika ukumbi huu aliyeitaka simu ile kuliko mimi. Nilijua ikikabidhiwa, kesho itanilia, na nitaamka, na nitasali, na nitaruka kamba, na nitakuwa salama. Na nilijua pia kwamba utapokea kwa tabasamu, kwa kuwa hukuwahi kumwaibisha mtu mbele za watu, na utabipu, kesho na kesho kutwa, kwa ajili yetu, na safari yako hutaianza.

Wenzangu, sasa nawageukia ninyi. Mnaniangalia mnangoja niiname nitoe boksi chini ya meza. Naona kaka dereva ameshaandaa makofi. Hakuna boksi chini ya meza.

Jana jioni niliirudisha simu dukani. Kijana wa pale akaigeuza, akaiwasha, akauliza ina tatizo gani. Nikamwambia haina tatizo, inafanya kazi vizuri mno. Akaniangalia kama mgonjwa aliyetoroka wodini, lakini akanirudishia pesa yetu. Ilitosha kununua viatu vya kutembelea, vyeusi, soli laini, saizi nimeipata kwa binti yako, na mwanao amekwisha kuviweka kwenye gari. Kilichobaki nimekigawa, na leo asubuhi kila aliyechanga ametumiwa chake. Dada wa mapokezi, ule ujumbe wa pesa kuingia, uliowaonyesha watu ukisema umeingiliwa na matapeli, ni mimi.

Najua mtaninunia. Nuneni, nastahili. Sikuwauliza, kwa sababu ningewauliza mngenishawishi, na mimi nilikuwa natamani sana kushawishiwa. Mama, basi, sikuombi chochote. Sijui kama kesho nitaamka. Sijui kama wewe utaamka. Na kwa heshima ya sharti lako, tukikutana siku yoyote, popote, sitakuuliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi, ndugu na wageni wote, mmenivumilia na mmenipa masikio yenu. Ninawashukuru sana.